Sikunywa, na Sijui

Jumatatu, 7 Oktoba

Daktari wa macho kule Nyeri ameniambia niandike kila siku jicho linavyofanya. Linauma vipi, linaona nini, nimetia matone mara ngapi. Basi nimenunua daftari na peni nene. Mimi ni Theuri, nina bucha ya nyama choma hapa Chaka, na jicho langu la kushoto limevimba kwa ndani. Kwa nje ni jekundu tu. Kwa ndani, daktari anasema, kuna uvimbe, na huo ndio ulioleta huu ukungu ninaouona tangu Septemba.

Nikamwuliza, umetoka wapi? Akasema tutapima kwanza. Matone kila saa. Yanawasha kama pilipili.

Jumanne, 8 Oktoba

Linauma. Mwangaza ndio adui. Nimepima nyama nikiwa na miwani myeusi, na mteja mmoja ameniuliza nimeanza kuimba lini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua imeanza kunyesha vizuri. Kieni nzima inapanda viazi. Kila asubuhi nafunga jicho la kulia na kuangalia kibao cha kinyozi ng'ambo ya barabara. Leo nimeona rangi yake. Herufi sikuziona.

Jumatano, 16 Oktoba

Nyeri. Majibu yote yametoka. Kifua kikuu, hapana. Ukimwi, hapana. Kaswende, hapana. Sukari, hapana. Picha ya kifua, safi. Nilianza kumshukuru Mungu, kisha nikaona daktari mwenyewe hafurahi.

"Theuri, ugonjwa huu mara nyingi hatupati chanzo chake," akasema. Ni mama wa pwani, Kiswahili chake kinateleza, hata habari mbaya ikitoka kinywani mwake unaweza kudhani ni pongezi. "Mwili wako unalishambulia jicho lako wenyewe."

"Kwa nini?"

"Hatujui."

Mtu amesoma miaka yote hiyo, ana mashine ya kutazama hadi nyuma ya jicho, halafu ananiambia hajui! Nimekasirika mpaka stendi. Nimepewa vidonge vya kupunguza uvimbe na nimeonywa nisiviache ghafla. Daktari, kama unasoma hapa, samahani, lakini hiyo "hatujui" yako nilitaka kukurudishia.

Jumapili, 20 Oktoba

Daktari, kwa kuwa wewe si wa huku, wacha nikueleze kwa nini nina haraka. Tarehe kumi na nne Desemba naenda kwa kina Nyawira, mchumba wangu, kule Naro Moru, kukata kiande. Kiande ni bega la mbuzi. Mbuzi anachomwa mzima, mwanamume anapewa kisu, na mbele ya koo mbili anakata bega pale kwenye kiungo na kumpa mwanamke. Hapo ndipo anakuwa mke. Bila kiande, hata ukipeleka mbuzi wote wa Laikipia, bado wewe ni rafiki tu anayekuja kunywa chai.

Mimi ni mtu wa bucha. Bega la mbuzi nimelikata mara nyingi kuliko nilivyonyoa ndevu. Kwa hiyo hilo halinitishi hata kidogo. Nataka tu jicho lipone kabla ya hapo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Vidonge vimenipa njaa ya fisi na usingizi hakuna. Uso umefura. Nimejiangalia kwenye kioo cha kinyozi na nikacheka, mashavu yamekuwa maandazi. Muriithi, anayenichomea nyama, akasema, "Boss, usikasirike. Lakini unakaa mtu amelala kwa keg wiki mzima."

Nimecheka sana. Kisha sikucheka. Macho mekundu, uso umefura, natembea nikishika ukuta, sioni vizuri. Huku kwetu watu wakiona hayo hawafikirii hospitali. Wanafikiria pombe mbaya, ile ya kupikwa kichakani na kutiwa dawa, ambayo imetupofushia vijana na kutuzikia wengine. Mimi sijawahi kuonja hata ile halali, hata hiyo bia ya keg. Najulikana kanisani kwa ubishi huo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua. Wateja wachache. Nilijikata kidole, kidogo tu.

Jumanne, 29 Oktoba

Wacha niandike haya nikiwa bado na hasira, yasije yakapoa.

Mzee mmoja ameingia, kofia imelowa, akaomba nusu kilo ya mbavu. Nilipoinama kukata, naye akainama. Niliponyooka, naye akanyooka. Nikadhani anachunga mizani. Kisha akaegemea kaunta mpaka pua yake ikakaribia kabisa mdomo wangu, akavuta pumzi ndefu.

Hapo ndipo nikamjua. Mzee Mwai, ndugu wa marehemu baba yake Nyawira. Ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. Ametoka Naro Moru mpaka Chaka kuja kuninusa!

"Mzee," nikamwambia, "usijitese." Nikafungua mdomo nikampumulia kutoka tumboni kabisa, haaa! "Ni githeri na chai ya tangawizi. Nusa tena kama hujatosheka."

Muriithi akaangusha koleo.

Mzee hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Akaniangalia tu, akasema, "Hayo macho nimeyaona mahali pengine, kijana." Akageuka akaenda zake, nyama akaiacha. Mbavu zake nimezila mimi, na sijutii.

Jumamosi, 2 Novemba

Ujumbe umefika. Mzee Mwai amesema hakutakuwa na kiande mpaka aambiwe ni nini kilichoyaharibu macho yangu. Si dawa, si maombi. Sababu. Asipoiridhia, mbuzi wetu wa mahari warudi Chaka na Nyawira abaki kwao.

Mama amelia. Anasema ameulizwa sokoni kama ni kweli mimi huagiza mtungi kutoka upande wa Mweiga. Nikamwambia aachane na watu. Akanijibu, "Lisemwalo lipo, Theuri, kama halipo laja."

"Basi nisubiri lije niwe mlevi? Mama, hata wewe?"

Akajifuta machozi kwa leso. Kaka yangu Wambugu, ambaye ndiye atakuwa msemaji wetu siku hiyo, akatupatia njia. "Sikiza. Si wewe ni mtu wa bucha? Ulikuwa unapasua mfupa na shoka, kipande ikaruka, ikakuingia kwa jicho. Imeisha. Hiyo ni kitu hata mtoto anaelewa."

"Lakini haikutokea."

"Ingeweza kutokea!"

Ubaya ni kwamba uongo wenyewe ni mzuri. Jeraha la kazi! Wazee wangenipa mkono. Wanawake wangesema pole, maskini, anajitafutia. Nimekaa nao mchana kutwa nikiugeuzageuza na nimeshindwa kuuchukia. Nimesema nitafikiria.

Jumatano, 6 Novemba

La kushoto halioni tena rangi ya kibao. Linaona kwamba kuna kitu.

Jumamosi, 9 Novemba

Jicho la kulia limeanza.

Jumatatu, 11 Novemba

Nyeri, Wambugu akinishika mkono. Daktari ameangalia la kulia kwa muda mrefu, nami nikawa nahesabu dhambi zangu. Ni ugonjwa uleule. Vidonge vimeongezwa, matone mapya ya kupanua mboni, na kuna dawa nyingine kali ya kuutuliza mwili uache kujipiga. La kulia tumeliwahi, anasema, kuna matumaini. La kushoto, huenda halitarudi.

Huenda. Nimemwomba aseme vizuri.

"Halitarudi, Theuri," akasema. Akaacha mkono wake juu ya wangu. Nimeona ni heri hivyo. Mwezi uliopita nilimchukia kwa kusema hajui. Leo nimeona kwamba akijua anasema, na asipojua anasema pia. Sasa namwamini zaidi kuliko watu wote wanaonieleza sababu.

Nimelia ndani ya gari mpaka Kiganjo. Kutoka Kiganjo nikapiga moyo konde. Jicho moja limekwenda, basi limekwenda. Sitalibeba kichwani na rohoni pia.

Jumapili, 17 Novemba

Nimegombana na Nyawira.

Anauza dawa za mifugo na mbegu pale Naro Moru, na siku za mvua hii hata Jumapili wanafungua mchana. Nilitaka anione na miwani nimeitoa, aone yote. Aliniona. Akafuta kaunta mara mbili, na ilikuwa safi. Kisha akasema, "Wambugu ameniambia hiyo maneno ya mfupa. Mi naona ni sawa."

"Wewe!"

"Theuri, mimi nakuamini. Lakini nikikuamini peke yangu hiyo haitupeleki mahali. Watu wanataka sababu. Wapatie sababu moja, watulie, tuoane."

"Na kila Krismasi nikija kwenu niwe nasimulia huo mfupa? Wajukuu wakiniuliza, nao niwaonyeshe shoka?"

"Si ni kitu ndogo tu!"

"Basi uolewe na mfupa!"

Nimejua ni neno baya likiwa bado halijamaliza kutoka. Nikatoka bila kwaheri. Jicho moja halipimi umbali, sikuwa nimezoea, nikatia mguu ndani ya mtaro wa maji hadi gotini. Mama mmoja mwenye mwavuli akasema, "Hawa walevi, hata Jumapili hawapumziki." Nikautoa mguu. Nilikuwa nimechoka kumjibu kila mtu.

Jumanne, 19 Novemba

Hajapiga simu. Mimi pia sijapiga. Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

La kulia linatulia kidogo. Nimesoma kibao cha kinyozi, neno la juu. Mvua. Simu kimya.

Jumapili, 24 Novemba

Nyawira amekuja bucha saa nne, amevaa nguo za kanisa na hakwenda kanisani. Muriithi alipomwona akasema anakwenda kutafuta makaa, na gunia la makaa limesimama palepale mlangoni.

Nilitaka kuanza na samahani. Akanikatiza. "Nyamaza kwanza. Kuna kitu sikukuambia. Hatuongeangi hiyo maneno kwetu."

Mzee Mwai alikuwa na mtoto anaitwa Gathogo. Nilijua kwamba alikufa. Nilidhani ni ajali. Nyawira akasema asubuhi moja Gathogo aliamka macho mekundu, anagonga ukuta. Baba yake akamwuliza ni nini. Akasema ni vumbi, alilala karibu na posho mill, kinu cha kusagia mahindi, vumbi likamwingia. Mzee akamwamini. Akaleta maji ya uvuguvugu na chumvi, akamwosha macho kwa mikono yake mwenyewe. Akamwosha asubuhi, akamwosha mchana. Jioni kijana hakuwa anaona kitu chochote, na kulipopambazuka alikuwa amekufa. Ilikuwa pombe ya kichakani. Wenzake waliowaambia watu ukweli walikimbizwa hospitali, na mmoja wao bado anaishi.

"Mzee huwa anasema," Nyawira akaniambia, "ati yeye aliosha vumbi na mtoto anakufa ndani."

Nilikaa juu ya gogo la kukatia. Mimi nilimpumulia mzee huyo usoni na nikala mbavu zake nikijiona shujaa. Kumbe alikuja na hofu. Alikuja kutazama kama nyumba yake inaletewa Gathogo wa pili.

"Sasa," Nyawira akasema, "mimi mwenyewe nilikuwa nataka umwambie vumbi ingine. Nimefikiria wiki mzima. Usimwambie mfupa. Mwambie vile iko."

"Na akikataa?"

"Akikataa, tutajua siku hiyo." Alikuwa ananiangalia jicho la kushoto, lile lililokwenda, na hakugeuza uso. "Lakini hiyo neno ya niolewe na mfupa, utalipia. Si leo."

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua imepungua, viazi vimefunika udongo. Nimemwambia Wambugu sitaki mfupa. Amepiga meza. "Ukisema hujui, watasema ni pombe! Mtu asiye na la kusema ndiye anashikwa!"

"Wacha waseme."

"Wewe ni kichwa ngumu kama baba."

"Asante."

Ameondoka na chai hakuimaliza. Hajasema atafanya nilivyomwomba. Huyo namjua.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimenoa kisu. La kulia lina ukungu kidogo, si mwingi. Naogopa, na bado nakwenda.

Jumapili, 15 Desemba

Ilikuwa jana. Naandika polepole ili nisiache kitu.

Kulikuwa na jua, jua kali la baada ya mvua, na mboni zangu zimepanuliwa na dawa. Tulipofika kwa kina Nyawira, wanawake wao walifunga lango kama kawaida, wakatuimbia tuseme tunatafuta nini, tukaimba, tukafunguliwa. Chini ya hema sikuona nyuso. Niliona nguo, kofia, na moshi wa mbuzi. Nyawira alikuwa ameketi mbele na nguo ya manjano. Hiyo niliiona.

Maombi yalipokwisha, wakati wa kuleta mbuzi mezani, Mzee Mwai akasimama. Akasema kwanza kuna jambo. Watu wakasogeza viti, maana wote walikuwa wamelisubiri.

"Kijana, toa miwani."

Nikaitoa. Jua likaniingia na machozi yakamwagika palepale. Nikasikia wanawake wakivuta pumzi. Mmoja akasema, "Ngai, angalia hiyo moja."

"Hayo macho yameharibiwa na nini?" Mzee akauliza.

Kabla sijafungua mdomo Wambugu alikuwa amesimama. "Wazee wetu, mtusamehe kwa kuchelewa kuwaambia. Huyu ndugu yangu akiwa kwa kazi yake, anapasua mfupa—"

"Hapana," nikasema. "Kaa chini, Wambugu."

Mdogo kumwambia mkubwa akae chini mbele ya wakwe! Mama akaficha uso na leso. Wambugu akabaki amesimama, hajui afanye nini na mikono yake.

"Hakuna mfupa," nikasema. Nikaigeukia kofia ya mzee. "Sikunywa, na sijui. Nimepimwa kila kitu mtu anachoweza kupimwa. Daktari hajui, na hajanificha. La kushoto limekwenda, halirudi. La kulia linakuja na kwenda. Labda nitabaki nalo, labda sitabaki nalo. Uso huu umefurishwa na dawa, na nitaendelea kumeza hiyo dawa. Nimekuja kuoa na haya yote. Sina sababu ya kuwapatia. Na kama mnamtaka mwenye sababu, mtafuteni, sitamzuia, lakini uongo siwaletei hapa."

Mafuta ya mbuzi yalikuwa yanadondoka kwenye makaa, nayasikia. Mzee Mwai akaja karibu. Safari hii hakuninusa. Alisimama mbele yangu.

"Kijana wangu alikuwa na sababu," akasema, na akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Vumbi. Kabla ya vumbi ilikuwa ni baridi. Kabla ya baridi ilikuwa ni marafiki. Kila asubuhi alikuwa na sababu mpya, na zote mimi nilizimeza. Sijawahi kuona mlevi hana sababu. Wewe huna hata moja." Akashika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu. "Mleteeni kisu."

Mbuzi akaletwa mezani, mweusi wa moshi, na kwa jicho langu alikuwa ni kivuli juu ya sinia. Nikaweka vidole begani kutafuta kiungo. Wanawake wa upande wao wakapiga kelele, ati hakuna kupapasa, kata!

"Mama zangu," nikasema, "mimi ni mtu wa bucha. Nisiposhika nyama nishike nini?"

Wakacheka. Nikakata, na kisu kikagonga mfupa. Mimi, Theuri wa Chaka, nikakosa kiungo mbele ya wakwe! Wakashangilia hiyo kuliko vile wangeshangilia kama ningepata, wakaitisha faini ya soda, kreti tatu. Nikaikubali faini. Nikasogeza kisu kidogo, nikabonyeza, bega likaachana na kifua bila kubishana.

Vigelegele. Mama alikuwa wa kwanza, na leso bado iko machoni. Wambugu akanipiga mgongoni kwa nguvu, nusu pongezi, nusu adhabu.

Nikampa Nyawira. Kiande ni chake, hakuna mwingine anayekigusa, lakini wengi huonja kipande kwa adabu wakafungiwa kilichobaki kwenye karatasi. Nyawira alivuta kiti akakaa vizuri, akashika lile bega kwa mikono miwili, akala. Watu walingoja amalize ili maneno yaendelee. Hakuharakisha. Shangazi yake mmoja akamwinamia, akamnong'oneza kwa sauti ambayo hema lote lilisikia: je, kama hiyo ugonjwa haina sababu, nani anajua kama watoto hawataipata?

Nyawira akameza. Akafuta mafuta kidevuni kwa mkono.

"Hakuna mtu anajua, shangazi," akasema. "Ngoja nimalize kula."